Shikamoo Iliyokula Shamba la Mama

Nina miaka thelathini na mmoja. Mke sina, nyumba sina, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu macho yangu yalikuwa dirishani zaidi kuliko ubaoni. Jina langu ni Abedi, lakini kijijini kwetu, huku milimani si mbali na Kwai, watu wananiita Nakuja. Mtajua kwa nini.

Asubuhi ya leo niliamka, nikavaa viatu, nikatia kamera kwenye mfuko wa koti, nikatoka. Naenda wapi? Sikujua! Mama alikuwa ameketi kizingitini anapukuchua maharage. Nikamwambia, "Mama, nafika hapo mbele, nakuja."

Hakuinua uso. Alisema tu, "Haya."

Haya... Neno hilo liliniuma kuliko matusi. Maana jana yake mama alikuwa amepoteza shamba la bondeni, shamba alilolilima tangu mimi niko mgongoni. Na aliyemponza ni mimi mwanawe, kwa kidole changu hiki hiki, kwa kubonyeza kitufe cha kamera!

Wasomaji wenzangu, ninaandika nikiwa na hasira. Sitawadanganya kwamba nimesamehe. Sijasamehe! Kalamu yenyewe inachimba karatasi. Lakini nimeona niyaseme haya sasa, yakiwa bado ya moto, kabla sijayapoza kwa uvivu wangu nilioumbwa nao.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nikisikia mtu anatengeneza kitu, lazima nikakione. Nimekamua ng'ombe wa maziwa Kwai, nimepakia kabichi, nimefua vyuma, nimejenga majiko ya udongo. Kazi nikishaijua, naiacha. Kila nikitoka nyumbani namwambia mama "nakuja", na mama anajua kwamba hiyo "nakuja" inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi mitatu.

Kamera niliikuta soko la Lushoto, kwenye rundo la mikoba ya mitumba. Ndogo, ya rangi ya fedha, inatumia betri mbili kama za tochi. Simu yangu ni kitochi, haipigi picha ya maana, kwa hiyo niliiona kamera ile kama dhahabu. Kitabu chake cha maelezo hakikuwepo. Ukiiwasha, maneno yanayokuja kwenye kioo ni ya Kijapani. Nikasema, hata yangekuwa ya Kiswahili ningeyasoma? Mimi huwa sisomi maelezo, mimi najaribu tu!

Nikaanza kupiga picha za harusi, vipaimara, ubarikio, mtoto wa mtu kaota meno... Na hapo ndipo nilipoijua tabia yake.

Kamera ile inachelewa! Ukibonyeza, inakaa kimya kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Halafu inatoa mlio mdogo, "pii". Halafu ndiyo inapiga, "chaka!" Kati ya kidole chako na "chaka" mtu anaweza kupiga chafya na kujifuta. Siku moja niliitwa kupiga picha ya penalti ya timu yetu. Picha ilipotoka, golikipa amelala chini, mpira hauonekani, na nusu ya washabiki wameshageuka wanakwenda kwao. Kwenye harusi, bibi harusi anamlisha bwana harusi keki... picha yangu inaonyesha bwana harusi peke yake anajilamba kidole.

Aliyecheka kuliko wote ni Salimu.

Salimu ni mtoto wa baba mdogo. Baba yake na baba yangu, wote marehemu, ni tumbo moja. Tumelala kitanda kimoja, tumeiba magimbi pamoja. Tofauti yetu ni kwamba yeye alimaliza kidato cha nne, akapata kazi kwenye duka la stationeri mjini Lushoto. Anatoa kopi, anachapa barua, anapiga watu picha za pasipoti. Picha zangu zote alikuwa anazitoa yeye.

"Abedi," aliniambia siku ile ya keki, huku akipangusa machozi ya kicheko, "kamera yako hii ni Msambaa kabisa. Unaiita, inaitika 'nakuja', kumbe ndiyo kwanza inatafuta kandambili chini ya kitanda!"

Jina likabaki. Kamera ikaitwa Nakuja. Baadaye watu wakaona jina hilo linamfaa zaidi mwenye kamera.

Tukaufanya mchezo. Nikishamaliza kuhesabu "moja, mbili, tatu", Salimu anarusha neno. "Shangazi, mbuzi huyo kwenye maharage!" Shangazi anageuka, mdomo wazi, na kamera ndipo inapopiga. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tumewafanyia hivyo watu wangapi? Mimi na yeye tulijua sawasawa, kuliko mtu yeyote duniani, kwamba Nakuja haipigi kwenye "tatu". Inapiga baada ya "tatu". Likumbukeni hilo!

Sasa niwaeleze shamba.

Shamba letu liko chini, la kina Salimu liko juu yake. Mpaka ni masale, yale majani marefu ambayo wazee wetu huyapanda mipakani, na mtu mwenye akili timamu hayang'oi. Waliyapanda baba na baba mdogo, na mmoja wa mashahidi wao alikuwa jirani, Mzee Yohana. Lakini mvua kubwa zilishusha udongo, mstari ukafutika, yakabaki masale matatu tu karibu na jiwe. Hatua nyingi chini ya jiwe hilo kuna mparachichi. Kati ya masale na mparachichi ndipo penye mfereji wa maji na udongo mweusi. Karoti za pale ndizo zilizotulea. Ukiwaondolea watu kipande hicho, unawabakishia matete na chura.

Baba mdogo alipofariki, Salimu akaanza maneno. Kwanza kwa utani. "Mama mkubwa, hivi mpaka si mparachichi?" Mama anacheka. Baadaye bila utani. Mama hacheki tena.

Mashahidi wote walikuwa wamekufa isipokuwa Mzee Yohana, naye magoti yalikuwa yamekwisha. Mimi, mwenye akili nyingi, nikatoa wazo. Nikamwambia mama, siku hizi neno tupu halitoshi, ushahidi ni picha. Tumsimamishe Mzee Yohana shambani, anyooshe mkono kwenye masale, nimpige. Hata akiondoka duniani, mkono wake utabaki unasema.

Mama alifurahi! Aliniangalia kama vile ile miaka yote ya kuzurura imezaa kitu.

Mzee Yohana alikuja amevaa koti lake la kanisani. Mama alimshika mkono kuteremka matuta. Akasimama kando ya mfereji, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kulia ameunyoosha juu kwenye masale. Ulikuwa unatetemeka.

"Nisimame hivi mpaka lini, mjukuu wangu?"

"Mpaka nikisema tatu, babu."

Mpaka tatu... Lo, mdomo wangu! Kwa nini sikusema "mpaka nikuambie"? Kwa nini sikusema "kamera hii inachelewa, babu, subiri"? Niliona aibu. Mpiga picha gani anamwambia mzee kwamba kamera yake mbovu?

"Moja... mbili... tatu!" Nikabonyeza.

Na papo hapo, kutoka chini kwenye mparachichi, ikaja sauti kubwa, ya furaha: "Shikamoo, babu!"

Ninyi mnajua adabu za milimani kwetu. Mzee haiachi shikamoo ikaning'inia hewani, na kijana hapiti bila kuitoa. Mzee Yohana alikuwa na namna yake ya kuitikia: alimnyooshea mkono aliyemsalimia, kiganja wazi, kama anayempa kitu. Basi ule mkono ukatoka kwenye masale, ukashuka, ukaelekea moja kwa moja kwenye mparachichi.

"Marahaba, mjukuu wangu!"

Pii... chaka!

Alikuwa Salimu. Alipanda matuta akicheka, akaushika mkono wa mzee kwa mikono miwili. "Mnapiga picha bila kuniita? Mimi si ndugu?" Nilipotaka kutazama picha, kioo kikazimika. Betri zimekufa. Magoti ya mzee yalikuwa yanagongana, mama akasema arudishwe nyumbani.

"Imetoka?" mama akaniuliza.

"Imetoka," nikasema.

Nilipotia betri nyingine jioni ile, niliiona. Mzee Yohana amesimama, uso unang'aa kama wa bwana harusi, mdomo wazi, mkono wote umenyooka... kwenye mparachichi! Salimu mwenyewe haonekani, amebaki nje ya picha. Ukiitazama bila kujua, utaapa mzee anasema, "Mpaka ni huu hapa."

Nilicheka, ndugu zangu. Nisameheni, lakini nilicheka! Nikasema, Nakuja imefanya mambo yake tena. Kesho nitarudia.

Kesho yake nikasikia kwamba upande wa Rangwi kuna fundi anayewasha taa kwa maji ya kijito na dainamo ya baiskeli. Ningekaaje bila kwenda kuona? Nikamwambia mama, "Nakuja." Fundi akanionyesha, nikamsaidia kuchimba mtaro, mtaro ukazaa mtaro... Niliporudi nyumbani, maharage niliyoyaacha maua yalikuwa makavu, na Mzee Yohana alikuwa amelala kitandani hatambui mtu.

Alizikwa wiki ile ile.

Watoto wake walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Picha nzuri ya mzee ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwangu. Nikampelekea Salimu kadi ya kamera, nikamwambia, "Kata uso tu, uikuze." Aliikata vizuri. Watu walilia kwa jinsi mzee alivyokuwa akitabasamu. Salimu aliniwekea mkono begani, akasema, "Abedi, umefanya kazi."

Picha nzima ikabaki kwenye kompyuta yake. Nani alimpa? Mimi!

Hata maua ya kaburini hayajanyauka, Salimu akampeleka mama kwenye baraza la ardhi la kijiji. Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Aliingia ofisini na picha kubwa, ameitia plastiki, akaiweka mezani mbele ya wazee. Kila mtu aliona. Mzee Yohana, shahidi wa mwisho, na mkono wake kwenye mparachichi.

Mwenyekiti akaniuliza, "Picha hii umepiga wewe?"

"Nimepiga mimi, lakini..."

"Alikwenda pale kuonyesha mpaka?"

"Alikwenda kuonyesha mpaka, lakini..."

"Lakini nini, mwanangu?"

Nikaeleza. Nikaeleza kuchelewa kwa kamera, "tatu", shikamoo, marahaba. Mama naye akasimama, akasema alimsikia Salimu akisalimia kwa masikio yake. Salimu akainama kwa heshima.

"Wazee wangu, ni kweli nilimsalimia babu. Picha ilikuwa imeshapigwa. Mimi nimelelewa, nikimwona mzee napitaje kimya?"

Wazee wakaguna kwa kukubali. Nani atasema kusalimia ni vibaya? Mjumbe mmoja akacheka, "Kijana, kamera nayo inachelewa? Ina mguu?" Ofisi nzima ikacheka.

Damu ikanipanda kichwani. Nikaitoa Nakuja mfukoni, nikaigonga juu ya meza. "Mnacheka? Basi msinipe mimi, mtasema nadanganya. Mpeni yeye mwenyewe! Mpeni Salimu apige, mtaona kama haichelewi!"

Mnaona hasira inavyomchimbia mtu shimo? Nilimkabidhi kwa mkono wangu! Nilikuwa na hakika kwamba hakuna binadamu anayeweza kuifanya kamera ile iwahi.

Salimu akaipokea taratibu. Akamwomba mjumbe yule aliyecheka asimame ukutani, ainue mkono. "Mzee wangu, nikisema tatu, shusha mara moja, usinisubiri." Akailenga. Akatulia kidogo. Akahesabu, "Moja, mbili, tatu." Chaka!

Mkono wa mjumbe ukashuka. Wakaitazama picha kwenye kioo. Kwenye picha, mkono uko juu, umenyooka kama mlingoti!

"Rudia," mwenyekiti akasema. Akarudia. Mkono juu.

Kamera yangu, niliyoishi nayo miaka minne, ilikuwa imemtii Salimu kama mbwa! Nikaisikia minong'ono nyuma yangu. "Hawa ni ndugu... picha zake zote zinatolewa dukani kwa Salimu... pengine wamegawana..."

Mama aliisikia pia. Akageuka kunitazama. Wasomaji, sitausahau mtazamo ule! Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta usoni kwangu kama ni kweli. Mama yangu mzazi aliamini kwamba nimemuuza!

Wazee wakasema wanapatanisha, hawalazimishi, na asiyeridhika anaweza kwenda mbele, baraza la wilaya. Lakini mama alisema kwa Kishambaa, lugha anayorudia anapoishiwa nguvu, kwamba amechoka. Akatia kidole gumba kwenye wino. Mpaka: mparachichi.

Nje nilimfuata Salimu. Nilitaka kumkaba, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Ulifanya makusudi. Ule ulikuwa mchezo wetu. Shangazi na mbuzi!"

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaniangalia kutoka chini, akatabasamu.

"Kumsalimia mzee ni kosa, Abedi?"

Basi! Hilo tu. Angenitukana ningepata pa kushika. Lakini utamshika wapi mtu aliyejificha ndani ya adabu? Hata jina lake ni Salimu!

Ndiyo maana asubuhi ya leo niliondoka. Nilitembea bila kuchagua njia, kwenye njia panda nikifuata mguu uliotangulia. Saa sita nilikuwa Rangwi, nimekaa kwenye kibanda cha chai na chapati imenipoa mkononi. Mwanamke aliyekuwa anakaanga aliniuliza naelekea wapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi ule kwanza, asiyejua aendako lazima awe ameshiba." Ilikuja kenta inayokwenda Mtae kuchukua viazi, nikapanda nyuma. Mtae sikuwahi kufika. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayenijua, na nilikusudia kufika ukingoni mwa mlima niitupe kamera ile bondeni, ikavunjike huko chini kabisa.

Njia ni mbovu, kenta inaruka. Nikawa naipitisha siku ya jana kichwani tena na tena, kama anayebonyeza kidonda. Salimu analenga. Anatulia kidogo. Anahesabu... Kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikukijua.

Halafu nikakijua. Pii!

Kwangu mimi, siku zote, "pii" inakuja baada ya "tatu". Nabonyeza, pii, chaka. Jana, mkononi mwa Salimu, "pii" ililia kabla ya "moja"! Niliisikia kwa masikio yangu, lakini nilikuwa nimejaa hasira, na mwenye hasira hasikii vitu vidogo. Kwa nini ilitangulia?

Tulifika Mtae jua likiwa bado juu kidogo, upepo unakata masikio. Nikaelekezwa nyumba moja ya matofali inayolaza wageni. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, amejifunga shuka mabegani, anafagia barazani. Nikasimama mbele yake. Nikafungua mdomo niseme lile neno... likakwama! Kweli tupu, shikamoo ilinikwama kooni kama mfupa. Niliona mkono wa Mzee Yohana unashuka.

Akaegemeza ufagio. "Kijana, huko kwenu wakifika kwa watu wanabakia kutazama tu?"

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Kumbe unayo! Ingia, baridi ya hapa haina adabu."

Akanipa chumba chenye kitanda na blanketi mbili. Aliponiona nimeitoa kamera, akasema nimpige moja. Nikamwambia kamera mbovu. Akasema hata yeye mbovu, tutafanana. Akasimama mlangoni.

Nikamwomba ainue mkono, na nikisema tatu ashushe. Nikalenga. Nikakiweka kidole juu ya kitufe, nikakikandamiza kidogo tu, nusu, kama unavyojaribu parachichi kama limeiva. Pii! Kisanduku cha kijani kikatokea kwenye uso wa bibi. Sikuachia. Nikabaki hapo hapo, nusu.

"Moja, mbili, tatu." Nikamalizia. Chaka!

Bibi akashusha mkono. Nikatazama kioo. Mkono uko juu.

Nikaijaribu mara nyingine kwa mtindo wangu wa zamani, kukibonyeza kitufe chote kwa mkupuo. Ikachelewa. Mkono chini. Nikarudia nusu kwanza. Ikawahi!

Ndugu zangu, nilikaa kwenye kitanda cha watu nikalia kwa hasira. Miaka minne! Kumbe kamera inapokaa kimya ilikuwa inatafuta mahali pa kukazia macho. Ukiitangulizia nusu ya kidole, inatafuta mapema, na ukimalizia inapiga papo hapo. Kitu kidogo hivyo! Mimi niliyetembea milima kutazama dainamo ya mtu, sikuwahi kuuliza kidole changu mwenyewe kinafanya nini. Na Salimu alijua. Kazi yake ni picha! Alijua tangu siku ya penalti, tangu siku ya keki, akanyamaza, akacheka, akaniacha na ujinga wangu mpaka siku ulipomfaa.

Bibi aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ila nimechelewa.

Nikampigia mama. Nikamweleza yote mbio mbio: nusu, pii, kisanduku, kwamba kwenye baraza la wilaya nitapiga picha kwa namna zote mbili mbele yao, waone kamera ile ile inawahi na inachelewa, kwamba sikumuuza, wallahi sikumuuza. Sijui kama watanisikiliza. Sijui kama alama ya kidole gumba inafutika. Lakini nitasema.

"Mama, nakuja," nikamaliza.

Nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo.

"Nakuja ya mtu," akauliza, "au nakuja ya kamera?"

Wasomaji wenzangu, mama yangu ameuliza swali ambalo mimi nilipaswa kujiuliza miaka kumi na mitano iliyopita. Ninawaomba, ninyi mnaosoma haya: msione aibu kusema "chombo changu kina kasoro" au "hili silijui". Aibu yangu ya dakika moja pale shambani imemlia mama udongo mweusi wote. Ukiona jambo limekwenda kombo, usiseme kesho nitarudia. Mzee mwenye ushahidi hana kesho! Na yule anayecheka nawe juu ya udhaifu wako, mtazame vizuri. Muulize anajua dawa yake au hajui. Akijua na hakuambii, huyo si mwenzako, anakutunza kama mtu anavyotunza panga.

Salimu, kama unasoma, na najua unasoma kila kitu kinachochapwa, sijakusamehe. Tutakutana wilayani. Nitakusalimia mimi kwanza.

Bibi ameniambia basi la kwanza linaondoka hapa alfajiri. Nimemwomba aniamshe. Na mama nimempigia tena, mara ya pili, nikamwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia tangu nizaliwe.

"Kesho, kabla ya adhuhuri, utaniona kizingitini."

"Haya," akasema. Halafu, kabla hajakata, "Maharage nitakuachia nusu upukuchue."